Kanuni ya Betri

Inatangazwa kwa wananchi wote, wafupi kwa warefu, kwamba hakuna kijana atakayeruhusiwa kuwa na kipaji cha mpira wa kikapu kabla kipaji hicho hakijapimwa, kuthibitishwa na kugongwa muhuri na Kamati ya Kutathmini Vipaji Tarajiwa. Atakayeonekana akiruka juu kupita kawaida mahali pa hadhara bila kibali, atahesabiwa kuwa anatumia mali ya umma kinyume cha utaratibu.

Tangazo hilo tulilibandika wenyewe kwa gundi ya ofisi, kwenye mlango wa ofisi, upande wa ndani. Upande wa nje kulikuwa na mvua.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza Mwenyekiti, mtu mnene wa heshima zake, anayejua kukaa. Nimeona watu wengi wakikaa, kwenye stesheni za treni, kwenye foleni za mpakani, na mahabusu pia, lakini sijaona anayekaa kama yule. Wengine hukaa huku wakisubiri kitu. Mwenyekiti alikaa kama mtu aliyekwisha kufika.

Wa pili Katibu, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Huyu alitii kanuni hata zile zilizotungwa kwa utani. Siku moja Mwenyekiti alisema kwa hasira kwamba anayechelewa aingie kwa dirisha. Kesho yake Katibu alichelewa, na tulimvuta kwa mikono.

Wa tatu mimi, Mjumbe wa Nchi za Nje. Cheo nilipewa kwa sababu nimezurura sana. Nimepika melini, nimelinda maghala, nimeuza betri za redio katika miji ambayo majina yake ulimi wangu haukuwahi kuyaweza. Shule nilisoma kidogo hapa, kidogo kule, pale nilipopata nafasi karibu na dirisha. Kazi yangu kwenye Kamati ilikuwa kujibu swali moja tu: "Huko nje wanafanyaje?" Nikishajibu, jibu linakuwa sera.

Kanuni yetu kuu ilizaliwa hivyo hivyo, wakati wa chai.

"Hebu tuambie, Mjumbe," alisema Mwenyekiti. "Kipaji ambacho bado hakijatokea, huko nje wanakipimaje?"

Nilikuwa na mkate mdomoni. Mbele yangu ukutani kulikuwa na saa ya ofisi, imesimama tangu enzi za mwenyekiti aliyepita, kwa kukosa betri.

"Kama betri," nikasema.

"Fafanua."

Nikameza. "Betri mpya ndiyo yenye thamani. Ukishaitumia, imepungua. Kila ukiitumia, inapungua tena."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na bahati. "Katibu, andika. Kipaji tarajiwa ni kile ambacho mtu bado hajakifanya. Akishakifanya, si tarajiwa tena, kimetoka. Kwa hiyo kila kikapu anachofunga kijana ni makato."

"Na zile betri za kuchaji, Mheshimiwa?" aliuliza Katibu.

"Hizo ziundiwe kamati ndogo."

Kamati ndogo ikaundwa. Ilikuwa ni mimi, nikikaa upande wa pili wa meza.

Vifaa vyetu vya kupimia vilikuwa ubao wa shule, chaki na dasta. Kijana akiletwa, Katibu huujaza ubao vistari vya chaki, kimoja kimoja, kutoka pembe hii hadi ile. Hicho ndicho kipaji chake kamili. Halafu tunamtazama. Akifunga kikapu, Katibu anafuta kistari. Akikosa, kistari kinabaki. Kinachobaki ubaoni ndicho taifa linachoweza kukitegemea. Watu wa mtaani walicheka, lakini watu wa mtaani hawana ubao.

Ndipo akatokea Ngazi.

Jina lake liko kwenye faili, ila mtaa mzima ulimwita Ngazi, na yeye aliitika. Alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita, na alikuwa mrefu kiasi kwamba ukiongea naye mchana unakunja uso kwa jua. Alilelewa na shangazi yake, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa kibarazani ng'ambo ya barabara, ikitazamana na dirisha letu. Nyumba yao ilikuwa na mlango mfupi. Ngazi aliingia ndani kwa kuinama na alilala kwa kujikunja. Viatu vya kike vya saizi yake havikuwepo mjini, vya kiume navyo vilimbana, kwa hiyo shangazi alizikata raba mbele, vidole vikachungulia nje.

Nyuma ya ofisi yetu kulikuwa na uwanja wa saruji wenye nyufa na duara moja la chuma juu ya nguzo. Wavu shangazi aliushona kwa mabaki ya bitana za makoti. Mpira ukipita pale ulitoa sauti ya hariri, fyuu, mpaka ndani kwenye mafaili yetu.

Mtu fulani alimpiga picha kwa simu akicheza, picha ikatembea ikavuka mipaka. Klabu moja ya ng'ambo ikaandika kwamba inamtuma mwalimu wake aje amwone huyo binti, na akiridhika aondoke naye Jumamosi. Klabu ingetoa tiketi mbili, moja ya mwenye kipaji atakayethibitishwa na Kamati na moja ya msindikizaji.

Neno msindikizaji lilimwamsha Mwenyekiti kuliko kahawa. Alasiri ile ile tukatunga kanuni yake.

"Andika, Katibu. Msindikizaji awe mtu asiye na kipaji cha mpira hata chembe, ili asije akashindana na anayesindikizwa." Alitazama dari kwa unyenyekevu. "Sasa mtu wa namna hiyo sijui tutampata wapi."

Sisi nasi tukatazama dari.

"Umri, Mheshimiwa?" aliuliza Katibu.

"Umri usiweke. Wala cheo. Watu watasema nimejishonea suti mwenyewe."

Kesho yake alikuja na sanduku jipya la magurudumu, akaliegesha nyuma ya kiti chake. Mchana, akidhani hatuoni, alilivuta mbele kidogo na kulirudisha.

Siku ya tathmini ya awali, Ngazi aliletwa na shangazi yake. Katibu alijaza ubao, ukaegemezwa kwenye ukuta wa uwanja. Mwenyekiti aliletewa kiti.

"Binti," alisema Mwenyekiti, "hapa hatutafuti unachoweza. Tunatafuta utakachoweza. Umeelewa tofauti?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Vizuri. Anza."

Ngazi alidunda mpira mara chache, akageuka, akaruka. Fyuu. Katibu akafuta. Akarudi nyuma, akarusha bila hata kutazama sana. Fyuu. Katibu akafuta. Akapita kushoto, akapita kulia, akamzunguka mtu ambaye hayupo, tukamhurumia mtu huyo. Fyuu, fyuu. Mkono wa Katibu ulikuwa mweupe mpaka kiwikoni.

"Msimamishe," Mwenyekiti alininong'oneza. "Mtoto anakwisha huyu."

Nikapiga filimbi. Shangazi alikuwa amekunja mikono kifuani, anatabasamu tangu sikio mpaka sikio. "Mmeona wenyewe," alisema. "Na hapo hajala vizuri."

"Tumeona, mama," alisema Mwenyekiti kwa huzuni. "Tumeona hasara. Alikuja amejaa, tazama sasa. Kona yote ile ya juu imekwenda."

Shangazi aliutazama ubao, akamtazama Mwenyekiti, akanitazama mimi. "Huyu anaumwa?" aliniuliza.

Nikamweleza Kanuni ya Betri kwa lugha nyepesi. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "nguo nikizishona zaidi ndivyo ninavyozidi kutokujua kushona."

"Kushona si tarajiwa, mama. Hiyo ni kazi."

"Ahaa."

Siku ile ile Kamati ilitoa Amri ya Kuhifadhi. Mpira wa Ngazi ulichukuliwa, ukafungiwa kabatini pamoja na chai. Yeye mwenyewe alikatazwa kuruka, kukimbia na kunyoosha mikono juu ya kichwa. Kipaji kilichosalia kilitangazwa kuwa mali ya umma, na mwenye mali ya umma mwilini hana ruhusa ya kuikataa wala kuitumia. Angesafiri ng'ambo, ndiyo, lakini huko asingegusa mpira mpaka Kamati itoe idhini kwa maandishi, na msindikizaji angehakikisha hilo kwa macho yake.

"Na idhini inachukua muda gani?" aliuliza Ngazi.

"Hatujawahi kuitoa," alisema Katibu, "kwa hiyo hatuna mfano."

Jioni nilivuka barabara kupeleka suruali yangu iliyopasuka. Shangazi alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji. Vitambaa vyake vizuri vilikuwa rafu ya juu kabisa.

"Nani atanishushia?" aliuliza, bila kunitazama. "Mmemkataza kunyoosha mikono. Hii rafu niliijenga kwa kumtegemea yeye."

"Andika maombi, dada."

"Nikuandikie usoni?"

Ngazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, magoti yamefika kidevuni. Mikono yake ilikuwa inashika hewa na kuizungusha, mpira usiokuwepo.

"Babu," aliniita. "Yule mwalimu wa ng'ambo ameandika kwamba hamchukui mtu ambaye hajamwona akicheza."

"Nimesoma barua. Ni mimi niliyeifungua."

"Na nyie hamtoi kibali kwa mtu anayecheza."

"Hiyo nayo ni kweli."

"Sasa nikicheza sitoki, na nisipocheza sichukuliwi."

"Mwanangu, umeielewa sera kuliko waliopitia semina."

Hakucheka. "Babu, mimi sitaki makubwa. Nataka kufika mahali nicheze na watu wanaoruka, ambapo milango haikujengwa kwa kunichukia. Hapa nimemchezesha mpaka mwuza maji. Jumamosi ikipita, nitakaa hapa nimshushie shangazi vitambaa mpaka nizeeke." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Na mtu ambaye hana kipaji kabisa, akitaka kusafiri, anahitaji kibali chenu?"

Swali lilikuwa la kitaalamu, likanifurahisha. "Hapana. Ubao ukiwa mtupu, hatuna letu naye. Yule ni abiria tu."

"Abiria tu," alirudia.

"Kama mimi."

Shangazi alikata uzi kwa meno, akamtazama binti wa kaka yake kwa muda, halafu akanirudishia suruali yangu kabla ya kuimaliza. "Nenda nyumbani, mzee," alisema. "Leo umesema la maana bila kujua."

Niliondoka nikijua kabisa. Sera ilikuwa imeeleweka kwa mwananchi.

Mgeni, yule mwalimu wa klabu, alifika Alhamisi. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, filimbi shingoni. Kiswahili alikijua kwa kujifunza, na kila neno alilishusha taratibu kama anayeshusha vyombo vya kuvunjika kwenye gari. Mwenyekiti alimkaribisha kwa hotuba iliyogusa historia ya urefu. Kisha tukatoka uwanjani, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshajipanga ukutani, shangazi mbele kabisa na futi yake ya kupimia shingoni.

Ngazi alisimamishwa katikati ya uwanja. Mikono chini, miguu pamoja. Ubao ulikuwa kando yake na vistari vilivyosalia, na Katibu amesimama tayari na dasta.

"Huyo hapo," alisema Mwenyekiti. "Angalia jinsi anavyotulia. Hapotezi hata tone."

Mgeni alimzunguka Ngazi mara moja. "Ni mrefu," alisema. "Hata nguzo ni ndefu. Naomba nimwone akicheza."

"Haiwezekani, mgeni wetu. Atapungua."

"Asipocheza, mimi narudi peke yangu."

"Lakini tumekwisha kumpima."

"Mmempima nini?"

Mwenyekiti alinigeukia niseme huko nje wanafanyaje. Lakini huko nje kulikuwa kumesimama mbele yetu na filimbi shingoni. Nikakohoa. Kikohozi hicho hakikuwa sera.

Nafikiri Ngazi alikuwa anasubiri kimya kama hicho. "Shangazi," aliita, "nirushie."

Shangazi alivuta kutoka chini ya kanga yake mpira alioushona mwenyewe, vipande vya ngozi ya makochi, rangi mbili. Ule wa kabatini tulikuwa nao sisi, wenye muhuri. Huu haukuwa na muhuri popote. Akaurusha. Ngazi akaudaka kwa mkono mmoja juu ya kichwa, tayari makosa mawili.

Fyuu.

"Mzuieni," alisema Mwenyekiti. Hakuna aliyejua amemwambia nani.

Fyuu. Katibu akafuta.

"Katibu, usifute."

"Kanuni inasema kikifungwa kinafutwa, Mheshimiwa."

"Mimi ndiye niliyeitunga."

"Ndiyo maana naiheshimu."

Ngazi hakucheza kama siku ile ya kwanza. Siku ile alicheza kwa raha. Safari hii alicheza kama mtu anayehama nyumba, anatoa kila kitu nje. Alifunga akiwa karibu, alifunga akiwa mstari wa mbali, alifunga akiangukia ukuta. Alipokosa, watu walimwonyesha kistari kilichobaki: "Kile pale, kile pale, mmalizie." Mwuza maji aliacha ndoo zake akaingia kumkaba, akapitwa, akarudi kwa ndoo zake bila manung'uniko, maana alishazoea. Mgeni alikuwa ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa hewani, mdomo wazi kidogo.

Mwisho kilibaki kistari kimoja pembeni, kimepinda, ambacho Katibu alikichora siku chaki ilipokuwa inavunjika. Ngazi alienda mpaka mwisho wa saruji, pale nyasi zinapoanzia, jasho linamchirizika, kidole kimoja kinatoka damu kupitia raba iliyokatwa. Akapumua. Akarusha.

Wavu wa shangazi ulisema fyuu mara ya mwisho, kisha ukakatika, ukaanguka.

Katibu alifuta. Akapuliza vumbi. Ubao ukawa mweusi kabisa, msafi kama siku ulipotoka kwa fundi.

"Nimeona," alisema mgeni.

Mwenyekiti alikuwa ameinuka, jambo ambalo mimi sikuwahi kulishuhudia. "Binti," alisema, "umejiangamiza. Huna kitu. Kamati inakutangaza kuwa huna kipaji tarajiwa cha aina yoyote. Toka mbele yangu. Si wetu tena."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Ngazi, akapiga goti kwa adabu. Hata alipopiga goti walikuwa sawa kwa urefu.

"Kwa hiyo hahitaji kibali?" aliuliza mgeni.

"Kibali cha nini? Abiria tu huyo," nikasema, kwa kuwa suala lilikuwa la kitaalamu.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipokumbuka Jumamosi. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuarifiwa kwamba taifa linatoa kipaji. Bendi ilikuwa imeagizwa. Hotuba ilikuwa imechapwa. Na sanduku lile la magurudumu lilikuwa limepakiwa, nililiona, na kofia ya baridi juu yake. Bila mwenye kipaji, msindikizaji angemsindikiza nani?

"Apatikane mwingine," aliamuru. "Leo hii. Yeyote mwenye vistari."

Tukaanza kupima waliokuwepo. Katibu aliujaza ubao upya. Mwuza maji, tulipomuuliza, alikuwa amecheza na Ngazi utoto wote na alishawahi kufunga. Makato. Dereva wa ofisi aliwahi kuwa mlinda mlango. Makato. Mimi nilipekuliwa maisha yangu yote, mizigo niliyobeba, kuta nilizoruka, mbio nilizokimbia na sababu zake, na Katibu akasema kwa upole kwamba hata betri ya saa ya ofisi inanizidi.

"Mpimeni na Mwenyekiti," alisema shangazi kutoka ukutani. "Mbona yeye anaonekana hajatumika."

Mwenyekiti alimtazama kuona kama kuna dharau. Shangazi alikuwa na uso wa mtu anayemvalisha mteja koti.

"Ni haki, Mheshimiwa," alisema Katibu. "Kanuni haijamtoa mtu yeyote."

"Basi nipime," alisema Mwenyekiti, na kidevu chake kilipanda kidogo. "Kwa mfano tu."

Katibu alishika dasta. "Umewahi kufunga kikapu?"

"Kamwe."

"Kudunda mpira?"

"Hapana."

"Kukimbia?"

"Kwa nini?"

"Kuruka? Hata dimbwi?"

"Nina dereva."

"Kunyanyua kitu juu ya kichwa?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Vitu huwa vinashushwa."

Katibu aliendelea mpaka maswali yakaisha. Dasta haikugusa ubao hata mara moja. Alirudi nyuma, akavua miwani, akaivaa tena, na sauti yake ikawa ndogo, kama ya mtu aliye mbele ya jambo kubwa.

"Mheshimiwa," alisema, "umejaa."

Lazima niseme ukweli, tulipata fahari. Hatukuwahi kuona ubao kama ule. Hata mtoto mchanga, tulipompima zamani kwa majaribio, alikuwa amekwisha kurusha kijiko. Mtaa ulipiga makofi. Mwenyekiti aliyapokea kwa mkono kifuani, akatia saini cheti chake mwenyewe, akagonga muhuri mara mbili, na wakati muhuri bado una unyevu nikaona mawazo yakimfikia, polepole, kuanzia machoni kwenda chini.

"Ngoja," alisema.

"Kipaji ni mali ya umma," Katibu alisoma kutoka kwenye Amri. "Mwenye mali ya umma mwilini hana ruhusa ya kuikataa."

"Lakini mimi ni msindikizaji."

Katibu alifunua ukurasa. "Msindikizaji awe mtu asiye na kipaji cha mpira hata chembe, ili asije akashindana na anayesindikizwa. Mheshimiwa, wewe unacho kuliko taifa zima. Aliyetangazwa na Kamati kuwa hana kipaji cha aina yoyote ni mmoja tu."

Macho yote yalimwendea Ngazi, aliyekuwa amekaa chini anafunga kidole chake kwa kipande cha bitana.

"Huyo ni mtoto," alisema Mwenyekiti.

"Ulisema umri nisiweke."

Mgeni alisoma cheti mbele na nyuma, kwa makini ya mtu anayefuata mkataba. "Klabu yangu iliahidi tiketi kwa atakayethibitishwa na Kamati," alisema. "Na msindikizaji wake. Ahadi ni ahadi."

Nadhani alikuwa na kicheko mahali fulani, lakini alikuwa amekifunga vizuri kwa safari.

Jumamosi bendi ilipiga. Shangazi alikuwa amekesha Ijumaa akishona bukta, kitambaa cha pazia, maana cha suruali hakikutosha. Mwenyekiti aliivaa chini ya koti la suti. Ngazi alimvutia sanduku lake la magurudumu, kwa kuwa msindikizaji ndiye anayebeba, na kofia ya baridi alivaa yeye, ilimwenea. Mlangoni mwa uwanja wa ndege hakuinama. Alisimama pale akauangalia mlango juu, kisha akarudi akamkumbatia shangazi yake mpaka miguu ya mama wa watu ikaning'inia.

"Niweke chini," alisema shangazi. "Unanikunja nguo." Sauti haikuwa na kukemea kokote.

Mwenyekiti alijaribu kujifariji. "Sawa," aliniambia. "Wataniweka akiba kwenye benchi. Kukaa nakuweza."

Mgeni alisikia. "Hapana," alisema kwa upole. "Kwetu betri ni za kuchaji. Tunachaji alfajiri, kwa kukimbia."

Hivyo ndivyo swali la Kamati Ndogo lilivyopata jibu, na nikaifunga rasmi.

Sasa hivi Ngazi anacheza kila siku. Haombi idhini, kwa kuwa hana kinachoombewa. Mgeni alimwambia tu aingie uwanjani asije akashikwa na baridi akimsubiri anayesindikizwa. Tangu hapo hajatoka, na huko watu wanakata tiketi kuja kumwangalia mtu asiye na kipaji. Anampigia shangazi simu Jumapili. Rafu ya vitambaa imeshushwa.

Mwenyekiti hutupigia sisi, kila siku, saa za chai. Anapumua kwanza kwa muda. Halafu anaomba tumtumie cheti kinachoonyesha kuwa amekwisha, ili arudi nyumbani. Katibu, ambaye sasa anakaimu kiti, humjibu kwa heshima zote.

"Mheshimiwa, cheti kinafuata ubao, na ubao wako bado umejaa. Utaratibu unaujua. Funga kimoja tu, tuanze kufuta."

"Nimejaribu," anasema. "Kile kikapu wamekiweka juu sana."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tumepokea malalamiko hayo."

Ubao uko pale pale, umeegemea ukuta chini ya saa iliyosimama. Mfagiaji ameelekezwa apite mbali.